Mstari Juu ya Yakuti

Aliyemwambia mkamwana kwanza ni wifi yake, walipokuwa wakianika nepi uani. "Wifi, jikaze. Baba anasema mumeo kaibadilisha yakuti yake, kaweka kipande cha chupa."

Alasiri hiyo wote wakaitwa chumbani kwa mzee, fundi wa kukata vito, ambaye maradhi yalikuwa yamemlaza kitandani. Mkamwana akakaa karibu na mlango, mtoto kifuani. Mumewe akasimama kando yake, kainamisha kichwa.

"Sikilizeni, wanangu," mzee akaanza, "na asinikatize mtu, maana pumzi iliyobaki ni ya kubana. Mimi nimekula kwa mawe, na mawe hayajui kubembeleza: ukucha hukwaruza jasi, kisu hukwaruza marumaru, jiwe la kwatzi hukwaruza kioo, na yakuti huikwaruza kwatzi, nayo kwatzi isiweze kulipiza. Watu je? Watu hukuchekea huku wanakupima. Kila anayeniletea uji namwangalia mikono kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zangu ni nyinyi.

"Ile yakuti mama yenu aliniusia nisiiuze hata tukilala njaa, na sikuiuza. Jana nimeipitishia kwatzi, nikaona mstari, mweupe pee, huu hapa. Yakuti gani inachanwa na kwatzi? Hiki ni kioo! Na ufunguo wa sanduku alikuwa nao kitinda mimba peke yake. Sasa shikeni neno langu. Karakana na gurudumu la kusagia ni vya kaka yenu mkubwa. Binti yangu, chukua nyumba ya mbele, wala usimwazime kaka yako huyo hata sufuria, namjua. Kitinda mimba ahame chumba cha nyuma kabla udongo wa kaburi langu haujakauka, yeye na huyo mkewe mpole. Kimya kingi kina mshindo. Pendaneni, lakini fungeni milango. Mungu awa... awafunike nyote... isipokuwa..."

Sauti ikakatika. Akageukia ukutani.

 Tangu aolewe, mkamwana hakuwahi kumtazama mkwewe usoni. Lakini ule mstari ulimkaa rohoni. Mfano wake alikuwa ameuona miaka yote ya shule ya msingi: chaki ikiandika ubaoni, ikiacha unga wake yenyewe, na ubao usichanike.

Asubuhi yake akampa wifi mtoto, akaingia na kitambaa kilicholowa, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Baba, niwie radhi."

Akaichukua yakuti, akaifuta mbele ya macho yake, kisha akakishika kidole cha mzee na kuupitisha ukucha wake pale palipokuwa na mstari. Haukukwama. Akaupitisha tena. Halafu akamwachia mkono, mzee akaendelea kuusaka mstari mwenyewe, huku na huku, naye akabaki pale pale magotini, akimngoja.