Mashimo ya Samadi Nyuma ya Nyumba

Ndugu zangu, mwenyekiti kaniambia niseme kwa ufupi. Nitajitahidi, ila nikinyamaza katikati msinipigie makofi, nisubirini tu.

Nyie mnanijua, sisi ni watu wa kuhama. Baba yangu alitoka kaskazini na ng'ombe, na kila ardhi ilipochoka alisogea mbele. Nikafika hapa Kabungu na akili hiyo hiyo. Nikapata ekari tatu: juu vigingi vya mpaka wa msitu wa hifadhi, chini mpunga wa jirani. Kila nikivuna nachoma mabua yote, shamba linabaki jeusi, safi, najiona mkulima. Samadi imejaa zizini, na sikuwahi kupeleka hata ndoo moja shambani. Ya nini, wakati tutahama?

Mwaka wa tano mahindi yalitoka membamba, ya njano. Nikaanza kusema tuvuke vigingi, tufyeke msituni. Marehemu mke wangu akaniambia, "Baba watoto, tutahamia wapi tena? Ardhi imeisha. Hii tuilishe." Nikamjibu kwamba ardhi hailishwi, inalisha.

Yeye akachukua kipande nyuma ya nyumba, akachimba mashimo, akawa anabeba samadi kwa beseni kichwani, na mtoto mgongoni. Mabua aliyaficha kabla sijayatia moto, akayatandaza juu ya udongo. Mimi nikaenda kuwaambia wenzangu kilabuni kwamba mke wangu anazika mavi. Chekeni tu, hata mimi nilicheka. Naona aibu mpaka leo.

Msimu ule mvua ilikata mwezi wa pili, shamba langu lote likakauka. Kisha homa ikamkamata mke wangu. Siku nne tu, akafariki.

Waombolezaji walikuja wengi, na ghalani hapakuwa na kitu. Nawaambia ukweli, nilikaa mkekani na wanaume nikiomba watu waondoke mapema, wasijue. Mara nikaona wanawake wanatoka nyuma ya nyumba na mahindi mabichi, makubwa, beseni baada ya beseni. Yalipoiva jikoni dada yake akaniwekea hindi mkononi akasema, "Kula, shemeji. Haya ni yake."

Nikala. Msiba wote ule, marehemu mwenyewe ndiye aliyetulisha.

Matanga yalipoisha nilimwomba shemeji anionyeshe. Yeye na akina mama wa kikundi hiki walinifundisha kama mtoto: shimo liwe la kina gani, samadi viganja vingapi, kunde zikae katikati ya mistari, mabua yasichomwe. Nilianza na nusu ekari. Leo ni zote tatu, tunakula mpaka msimu mwingine, na habari ya kufyeka msitu nimeiacha.

Akina mama, asanteni. Na wewe bibi jirani, uliyewaogesha watoto wangu nilipokuwa sijiwezi, Mungu akuone.

Wanaume wenzangu, mke akikuambia jambo la shamba, msikilize siku hiyo hiyo. Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu ameshazaliwa, naishi naye.

Juzi nimeingiza mavuno, mengi kuliko miaka yote. Nikageuka nimwite aje aone. Nikabaki nimesimama mlangoni na gunia begani, sina wa kumwonyesha.