Rafaeli Machage, Mlezi wa Waridi la Watu

Tarehe 30 Juni 1994, saa tisa na nusu alasiri, Ndugu Rafaeli Machage atakabidhi panga, ndoo na ufunguo wa geti dogo. Hapo atakuwa ameitumikia Bohari yetu ya Pembejeo ya Musoma kwa miaka thelathini na moja kamili. Aliajiriwa kuwa mtunza bustani. Siku hizi barua zinamwita Msimamizi wa Mazingira, lakini panga ni lile lile.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Dafroza wa masjala, kazi ya kuandika wasifu huu kwa kuwa nimefanya naye kazi tangu 1980, kwanza tawi la Bunda na baadaye hapa. Kamati haikujua kwamba nilikuwa na kesi naye. Mwenyewe ameniruhusu niisimulie yote, mradi nisimwongezee urefu.

Ninyi mlioajiriwa sukari ikiwa imesharudi madukani hamjui huyu mtu alitufanyia nini. Miaka ile ya uhaba, malori yetu yalipokuwa yamekalia mawe kwa kukosa matairi, aligeuza nusu ya uwanja kuwa tuta la mchicha, na kila Ijumaa hakuna mfanyakazi aliyerudi nyumbani mikono mitupu. Mwaka 1982 alifunika magunia arobaini ya mbolea kwa turubai, peke yake, huku mtunza stoo akimwambia kwamba mvua hainyeshi. Ilinyesha siku mbili. Mei Mosi ya 1984 alichaguliwa mfanyakazi bora akazawadiwa miche miwili ya sabuni, na hakuna aliyecheka, maana sabuni tulikuwa hatujaiona miezi mitatu. Aliikata kwa uzi, akatugawia wote vipande. Changu kiliisha Jumatano.

Sasa waridi. Wakongwe mnalikumbuka lile lililotambaa juu ya geti, lenye vishada vya maua madogo, mekundu hafifu yakichanua na meupe yakizeeka. Asili yake hakuna aliyeijua. Wapo walioapa kuwa ni la Wajerumani, wengine la masista. Ndugu Rafaeli alilikuta mwaka 1963 likitunzwa na Mzee Clementi, mtunza bustani aliyemtangulia, ambaye siku ya kuondoka alimwambia kwamba si lake, amewekewa tu. Clementi akafariki bila kumtaja aliyemwekea.

Ndugu Rafaeli akalichukua hilo kama amana. Alifanya kama wafugaji wa kwetu wanavyofanya, kugawa ng'ombe kwa marafiki wa mbali ili maradhi yasiwamalize wote zizi moja. Pingili moja aliiweka tawi la Butiama, nyingine kwa mwalimu mmoja wa Suguti, ya tatu akaniwekea mimi nyumbani kwangu Manyamanyama, Bunda. Masharti yalikuwa yale yale ya ng'ombe. Usimpe mtu mwingine bila mwenyewe kujua. Likifa, ulete kisiki, kama mfugaji anavyoleta ngozi.

La Butiama liling'olewa 1984, pale kila ofisi ilipotakiwa kupanda muhogo. Kisiki kililetwa. La Suguti lilimalizwa na mbuzi, na mwalimu wa watu akapanda basi na kisiki ndani ya gunia. Langu nililiua mwenyewe mwaka ule ule. Kipande cha sabuni kilipoisha nilifulia magadi, na yale maji nikawa nayamwaga pale pale kwenye shina. Lilinyauka ndani ya wiki mbili. Kisiki nikakipikia ugali.

Sikusema. Kila tulipokutana aliuliza, "Ng'ombe wangu hajambo?" nami nilijibu hajambo, amefika hadi kwenye bati. Safari moja alipanda lori aje kumwona, nikamwahi njiani na kumwambia kwamba nyumbani kwangu kuna surua. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya miaka kumi.

Machi mwaka huu nusu ya uwanja wetu ikapangishwa, na mpangaji mpya akajenga ukuta. Jumatatu Ndugu Rafaeli alifika kazini akakuta mahali pa waridi pana kokoto. Hakumlaumu mtu. Alikuja masjala, akaegemea kaunta, akasema, "Si neno. Bado yule wa kwako. Jumamosi nakuja kukata pingili, nikapande kwangu Butiama. Likifia mkononi mwangu nitamwambia nini Clementi?"

Jumamosi alikuja kwangu Manyamanyama, ninakorudi kila mwisho wa wiki, amevaa suti yake ya Mei Mosi. Nilimpa kiti na nikamweleza kila kitu, hata ule ugali. Hakunigombeza. Alikaa tu, kofia magotini, akitazama ukuta mtupu, na mimi nikatamani anitukane. Ndipo nikaungama na kosa la pili: mwaka 1982, bila kumwambia, nilimpa pingili jirani yangu Mwanaupe, muuza vitenge.

Alikuwa ameshasimama. "Huyo anakaa wapi?"

Kwa Mwanaupe waridi lilikuwa limefunika ua mzima wa miti na limelala juu ya jiko. Yeye mwenyewe alikuwa akikata vitunguu. Alituambia kwa fahari kwamba ni la bibi yake, "tulikuwaga nalo tangu nikiwa mtoto." Nilifungua mdomo. Ndugu Rafaeli akanikanyaga mguu.

Mwanaupe akamkatia pingili, kisha akamfundisha: kata mshazari, toa majani ya chini, usimwagilie jua likiwa kali. Mtaalamu wa miaka thelathini na moja aliitikia kila neno, kofia mkononi, kama mwanafunzi wa darasa la kwanza. Mwishowe yule mama akamuuliza, "Ulishakuwaga na waridi wewe, mzee?"

"La kuwekewa, ndiyo," alisema. "La kwangu, bado."

"Basi chukua. Silidai. Ni lako."

Machozi yalimtoka, na mimi yakanitoka. Mwanaupe akadhani ni vitunguu, akatusogezea viti mbali.

Wiki iliyopita Ndugu Rafaeli alipita masjala kuniambia limetoa majani matatu. Hakumtaja Clementi. Alisema, "Langu limeshika."

Ndugu Rafaeli, kwa mchicha, kwa turubai, kwa sabuni, na kwa kunisamehe bila kunihutubia, bohari nzima inakushukuru. Tunakuombea afya, mvua za wakati wake na mbuzi wa jirani wenye adabu. Nenda salama Butiama, mzee wetu, ukapumzike kwenye kivuli cha kitu chako mwenyewe.