Surua Ndani ya Basi la Embu

Kwenye kiti cha mbele yangu, Kawira aliona vipele usoni mwa mjukuu wa Barwaqo, bibi aliyeketi kando yake, akajiziba mdomo kwa leso.

"Ni surua, mama?"

"Ndiyo, nampeleka hospitali Embu. Lakini hiyo haishikangi mtu mara mbili. Si uliugua utotoni?"

"Niliugua. Lakini seli za kutengeneza kinga hukaa kwenye uboho, ndani ya mifupa, miaka na miaka. Wangu uliuawa na dawa za kansa, nikawekewa wa dada yangu. Sasa niko kama mtoto mchanga, hata chanjo sijapewa upya."

"Subhanallah! Mwili unasahau?"

Mimi nililishika kovu langu la chanjo.

Basi liliposimama Karurumo, Barwaqo alishuka na mtoto.

"Mama, rudi! Embu bado mbali!" Kawira alipaza sauti.

Barwaqo alitikisa kichwa. "Tutangoja lingine," akasema, akamkinga mtoto na jua.