Barua Moja na Vidole Kumi na Saba

Imesomwa Migwani, Machi 1954, na Musembi, karani wa chama

Mgeni rasmi, Bwana Ofisa. Mzee wetu Ndolo, hedimani, mkubwa wa kijiji hapa. Akina mama na akina baba mliotembea kutoka Nuu tangu juzi:

KARIBU

Karibu Migwani. Mbuzi amekwisha chinjwa na chai iko motoni, kwa hiyo wewe huna haja ya kuharakisha. Sisi ndio wenye haraka, na tunaomba usituone watovu wa adabu. Karani wako ametuambia kwamba leo utaamua kama chama chetu kiendelee au kifungwe, na kwamba makaratasi yetu, pamoja na barua yetu moja, yamo ndani ya mkoba huo mweusi uliouweka chini ya kiti. Basi ukituona tunatazama chini ya kiti badala ya kutazama uso wako, utuwie radhi. Miezi minne ya kuingojea barua si mchezo.

TULIKOTOKA

Mwaka wa 1945 mwenzetu Kilonzo alikuwa keya, askari wa Waingereza, huko Burma, akilinda mateka Wajapani. Mmoja wao aliitwa Tanabe, karani kama mimi, naye alijua Kiingereza kidogo. Bomu lilikuwa limemkata vidole vitatu. Kila jioni alikaa kando ya waya akinong'ona na kukunja vidole, halafu anakwama, anaanza tena. Siku moja akapenyeza mkono kwenye waya, akamshika Kilonzo kidole. Kilonzo akainua bunduki.

"Naazima," yule mateka akasema. "Naazima tu."

Alikuwa akitunga haiku, shairi la kwao la mistari mitatu: silabi tano, saba, kisha tano tena. Jumla kumi na saba. Tanabe alibakiwa na vidole saba, Kilonzo anavyo kumi, hesabu ikatimia. Tangu siku hiyo wakatunga pamoja mpaka vita vilipokwisha. Wakati wa kuagana Kilonzo alimwandikia anwani ya hapa juu ya pakiti ya sigara.

Kilonzo aliporudi alitufundisha. Sisi hutunga wawili wawili, kwa maana mtu peke yake vidole havimtoshi. Ndiyo asili ya jina letu, Chama cha Vidole Kumi na Saba. Tunakiri kwamba katika siku hizi za hali ya hatari hatungeweza kuchagua jina baya zaidi.

TULIYOYAFANYA

Barua ya kwanza ilifika mwaka wa 1951 katika duka la Salim bin Faki, ambako barua zetu zote hupitia. Ndani yake mlikuwa na shairi hili, tulilolitia Kiswahili kwa taabu:

Theluji leo
yaziba njia yote;
barua yaja.

Siku nzima ya soko tulibishana juu ya theluji. Sisi tukamtumia letu:

Mbuzi wa Nuu
wanalamba jiwe tu;
wingu lapita.

Tanabe akajibu kwamba amewasomea majirani zake, na kwamba bibi mmoja wa huko, ambaye Nuu hataiona maisha yake yote, kila wiki anauliza kama mvua imenyesha. Bwana Ofisa, sisi huku hatujawahi kuulizwa hivyo na mtu wa mbali. Wengine tulilia.

Halafu ikaja barua ya tatu. Tanabe aliandika kwamba kabla hajatekwa, kikosi chao kilimshika askari wetu mmoja aliyejeruhiwa. Yeye ndiye aliyempa maji, na alipofariki ndiye aliyemzika kando ya mto, chini ya mti mkubwa. Alikaa na neno hilo miaka yote kwa aibu. Askari huyo alikuwa na meno ya mbele yaliyochongwa na bangili ya waya mwembamba, uliosukwa mafundo matatu upande mmoja.

Bangili hiyo aliisuka mwaitu Kasyoka, mama yetu huyu aliyeketi hapa mbele. Askari ni mwanawe, Mbuvi. Serikali ilimwandikia mwaitu kwamba hajulikani alipo.

Mwaitu hajui kusoma. Lakini alimwita Kilonzo, akamshika vidole, akatunga kwa siku mbili bila kula vizuri. Tulilituma kwa posta Agosti mwaka jana:

Mwana wa kwangu
amelala upande
gani wa mti?

MATATIZO

Jibu lilifika Novemba. Salim alikuwa ameishika bahasha mkononi, mwaitu yuko mlangoni amefika mbio, askari akaingia akaichukua. Kulikuwa na taarifa kwamba tunakula kiapo cha siri cha kuipinga Serikali.

Hatumlaumu mzee Ndolo. Alitukuta nyuma ya duka tumeshikana vidole tunanong'ona, akauliza, "Nyinyi watu, hii vidole mnashikana ni ya nini?"

Mimi nikajibu, "Mzee, tunatafuta silabi mbili."

"Nani amezipoteza?"

Tulicheka, na kicheko hicho kimetugharimu. Mzee alikuwa anafanya kazi yake, sisi tulimfanyia mzaha. Hapa mbele ya watu wote tunamwomba msamaha.

Lakini tangu siku ile hatukai tukatulia. Tukilima tunatazama barabara. Mwaitu huenda dukani kila asubuhi, na Salim amechoka kumwambia hakuna kitu, siku hizi anampa kiti tu.

MAOMBI

Tulikuwa tumeandika maombi manne. Jana mwaitu alituambia tufute matatu, nasi tumefuta. Ukitaka kukifunga chama, kifunge. Jina tubadilishe, tutabadilisha. Daftari zetu zikae ofisini, zikae.

Tunaomba barua ile moja ifunguliwe hapa hapa, kabla ya chakula. Isome wewe mwenyewe kwanza, uone kama ina kiapo. Kisha utuambie ni upande gani. Tulipomuuliza mwaitu atafanya nini na jibu, alisema anataka kujua aelekee wapi anapomwita.

Mungu akulinde safarini, Bwana Ofisa, akujalie urudi nyumbani uwakute wanao wote, kila mmoja mahali unapopajua.

Mwaitu Kasyoka hakuja kusikiliza risala, maana anaijua kwa moyo. Tazama mikono yake: ameshaifungua magotini. Vidole kumi ni hivyo hapo. Saba vilivyobaki vimo mkobani mwako.

Ni sisi, tuliosimama nyuma yake,
Chama cha Vidole Kumi na Saba, Migwani.