Siku Saba Baada ya Tangazo

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake marehemu, familia imeniomba mimi, mke wake, niwasomee maisha yake, nami nimeyaandika kwa mkono wangu ili tarehe zisikosewe tena.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Juni 1987, katika nyumba ya chumba kimoja nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne wa fundi cherehani, alisoma shule ya msingi hadi 2001, sekondari hadi 2005, na Machi 2009 aliajiriwa redioni, akianza na bei za sokoni, na vita vilipoanza akapelekwa vitani kuripoti. Wenzake walimwita Nani Kakwambia, kwa kuwa kila habari ya mapigano aliwauliza hivyo, na msemaji wa jeshi akisema wamekufa kumi, yeye alikwenda makaburini kuhesabu, jambo lililomgombanisha na wakubwa wake mara nyingi.

Tulifunga ndoa tarehe 20 Agosti 2016, Mungu akatujalia watoto wawili, na alipoambiwa wa kwanza ni wa kike akaenda kumuuliza na mkunga wa pili, hata mama yangu akasema mkwe huyu jua likichomoza atataka shahidi.

Tarehe 4 mwezi huu, saa saba mchana, redio yake mwenyewe ilitangaza kwamba ameuawa, kwa kauli ya msemaji mmoja tu, nasi tukaanza kulia. Tarehe 6 muuguzi alinipigia simu, akasema mume wangu yuko wodini, amejeruhiwa tumboni, ananiulizia, nami nikajua ni matapeli wa misiba, nikamwambia, dada, mwogope Mungu, nikakata, akapiga tena mara mbili, sikupokea. Alifariki tarehe 11, saa kumi na mbili asubuhi, mimi nikiwa sebuleni napokea rambirambi zake, na kesho yake gari la hospitali likatuletea mwili ambao bado ulikuwa na bandeji mpya. Mpaka sasa akili yangu haijalipokea jambo hili.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi yule, ambaye namwomba radhi mbele yenu, majirani waliokaa nasi tangu msiba wa uongo hadi huu wa kweli, na wenzake wa redioni. Jana mkuu wake alinishauri kwa upole, shemeji, tarehe ya kifo ibaki 4, ndiyo watu wanayoijua, lakini nimekataa, kwa sababu siku zile saba alikuwa hai, na alikuwa ananiulizia.

Baba watoto, nimefika nimechelewa, pumzika kwa amani.