Stendi ya Baiskeli ya Anyelwisye

Basi, Tunduma, mwaka wa hamsini na tatu, benchi la mbele ya kibanda cha fundi Jairo halikukosa watu wala birika la kahawa. Alasiri hiyo alikuwapo Osward, waliyemwita Redio kwa jinsi mdomo wake ulivyokuwa hauzimiki, na Danford Dereva, ambaye hajashika usukani maishani ila aliwahi kwenda Mbeya akiwa amekaa mbele ya lori. Kati yao aliketi mzee Kasiani, ameshikilia baiskeli ya mwanawe, Anyelwisye. Huyo aliondoka kijana mbichi, kwa miguu, kwenda migodini ng'ambo ya mpaka. Jiwe likamwangukia huko, na baiskeli aliyoinunua kwa mshahara wake ikaletwa na lori bila mwenyewe. Kesho ndugu wangeanua matanga, na vitu vya marehemu vingetolewa uani vionekane kabla ya kukabidhiwa mrithi wa jina lake. Kasiani hakutaka baiskeli ile ilazwe chini wala iegemezwe ukutani. Alitaka ifungwe stendi, ule mguu wa chuma, isimame yenyewe mbele za watu, basi.

— Stendi inafungwa kushoto, — alisema Jairo, spana mkononi. — Kulia kuna mnyororo.

— Kushoto! — Redio aliruka. — Fundi, unataka kumwaibisha marehemu? Mkono wa kushoto hata salamu hautoi!

— Mnyororo, Redio. Mnyororo.

— Mnyororo nini! Kwetu Hasamba mwalimu mmoja alifunga kushoto, baiskeli ikaanza kuvuta kushoto. Kila akienda kanisani anajikuta kilabuni!

— Huyo kavutwa na pombe, — Dereva alidakia. — Nyie hamjui. Baiskeli inakumbuka ilikotoka. Ukiifunga stendi upande wa mpaka, usiku inageuza pua yenyewe. Ndiyo maana wenzetu ng'ambo wanazifunga kufuli.

— Lo! Si kwa ajili ya wezi? — Redio aliuliza.

— Wezi wanasingiziwa tu, maskini.

Kasiani nusura acheke. Tangu habari zifike, kila aliyemkaribia alinong'ona kama yuko kwa mgonjwa. Hawa walimpigia kelele masikioni, na moyo wake ukapata nafuu kidogo.

Mara akapita mama mmoja kutoka Nakonde, ng'ambo ya pili ya mpaka, kapu la samaki wakavu kichwani, hamjui mtu pale.

— Mwapoleni mukwai, — alisalimu kwa Kibemba.

— Eya mukwai, mama, — Jairo aliitikia. — Karibu benchi.

Akatua mzigo, akapewa maji, akausikiliza ubishi mpaka ukamchosha.

— Sasa baba zangu, mnagombea nini? Mwenyewe huwa anashuka upande gani? Si mfunge huo huo!

Redio akainamia kikombe. Jairo alimtazama Kasiani, na wote wakamtazama.

Mzee alijaribu kumwona mwanawe juu ya kile kiti cha ngozi, mguu ukivuka, baiskeli ikipungua mwendo mlangoni pake. Hakuona kitu.

— Sijui, mama, — alisema. — Hata siku moja sikumwona akiipanda.