Miaka Ishirini na Tisa ya Mzee Ukasha kwenye Kipaza Sauti

Mzee Ukasha Mbaruku anastaafu tarehe 31 Agosti 2025, baada ya miaka ishirini na tisa ya kutafsiri filamu katika banda letu la video hapa Manundu, Korogwe. Alianza tarehe 2 Machi 1996 na kipaza sauti cha kuazima.

Kazi yake ni kukaa kando ya runinga na kueleza kwa Kiswahili yanayotokea. Watazamaji wetu hupenda filamu za kisasi: steringi, yaani shujaa wa filamu, anauliwa familia, polisi hawafanyi kitu, naye anawasaka wauaji mmoja mmoja. Wauaji hao Mzee Ukasha aliwapa majina ya watu waliokuwa wamekaa humo humo. Aliyetajwa ndiye aliyecheka kuliko wote. Mama Mwantumu, muuza vitumbua, ameshakufa mara saba, mbili kwa kuanguka kutoka kwenye helikopta.

Jumamosi tarehe 14 Machi 2009, saa tisa alasiri, muuaji wa mwisho alipewa jina la Hashim, mchuuzi wa mbuzi kutoka Chanika, Handeni, rafiki wa siku nyingi wa Mzee Ukasha, aliyekuwa benchi la nyuma. Wiki ile mbuzi walikuwa wameibwa Manundu. Mzee Ukasha hakulifikiria hilo.

"Hashim, leo hutoki!" watu walimtania.

"Jamani, nipeni hata maji kwanza!" akajibu.

Steringi akamaliza kazi, runinga ikazimwa. Hakuna aliyecheka. Watu wapatao sitini walisimama, wakageuka nyuma kumtazama Hashim. Tuliwaita kwa majina, hawakuitika. Wa mbele walikuwa wameshachomoa matofali yaliyoshikilia mabenchi.

Mzee Ukasha hakupiga kelele. Aliwasha kipaza sauti, akaendelea kutafsiri mbele ya runinga iliyozimwa, kwa sauti ile ile: "Steringi anatazama vizuri. Kumbe siye huyu. Anaweka tofali chini. Anakaa."

Wote wakaweka matofali chini, wakakaa, Hashim akapata nafasi ya kutoka.

Mzee Ukasha alisimulia dakika arobaini bila picha, hadi tulipopata habari kwamba Hashim ameshapanda basi la Handeni. Ndipo akasema, "Mwisho." Watu wakajinyoosha, wakauliza filamu inaanza lini.

Tangu siku hiyo hakumpa adui yeyote jina. Watazamaji walilalamika, wengine wakahamia banda jingine, hakubadilika. Amefundisha watafsiri watatu, mmoja yuko Hale, na somo lake la kwanza ni hilo.

Mzee wetu, asante kwa sauti yako na kwa uvumilivu wako. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku nyingi za kukaa na wajukuu.

Hashim ameahidi kuja kukuaga. Hajakanyaga hapa tangu siku ile. Ameomba jambo moja tu: jina lake lisitajwe kwenye kipaza sauti. Kwa hiyo wasifu huu hautasomwa kwa sauti. Umechapwa, na tunawaomba nyote mlioketi kwenye mabenchi muusome kimyakimya, bila kugeuka nyuma.